Kisu cha dawa nilichoachiwa na babu: nakitunzaje?

MjukuuWaMvumi

Mbukwenyi ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma mjini, na kwetu ni Mvumi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mganga wa miti shamba. Kabla hajafariki aliagiza kisu chake nipewe mimi, kwa sababu tangu nikiwa mdogo ndiye niliyekuwa nikimbebea kikapu akienda porini. Bibi alinikabidhi siku ya kuanua matanga, mbele ya wajomba wote, na hakuna aliyepinga.

Kisu chenyewe ni cha kufuliwa na mhunzi, hakina nembo wala maandishi. Kina urefu wa shibiri na kidogo, makali upande mmoja, na karibu na ncha kimeliwa kwa kunolewa miaka mingi hadi kimekuwa chembamba. Mpini ni wa mpingo, na pale shingoni umezungushiwa ngozi ya mbuzi. Bapa lina weusi wa kung'aa kama chungu kilichozoea moto. Lakini sasa karibu na mpini vimetokea vidoa vya rangi ya chungwa, na nikipitisha kidole vinaacha unga.

Babu hakukitumia kwa kila kazi. Hakikukata nyama, hakikukata kitunguu, hata kamba ya mbuzi alitafuta kisu kingine. Kazi yake ilikuwa mizizi na magome. Akifika kwenye mti anatua kikapu, analaza kisu juu ya jani, anausemesha mti kwa Kigogo: dawa hii ni ya fulani, anaumwa hiki, tunaomba. Ananyunyiza unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, ndipo anachukua gome. Kidogo upande wa mawio, kidogo upande wa machweo, halafu anaondoka bila kugeuka. Siku za tambiko la ukoo kisu kililazwa kwenye ungo kando ya kibuyu cha pombe, lakini hakikuchinja. Mbuzi alichinjwa na jirani yetu Mwislamu kwa kisu chake, ili kila aliyefika ale bila wasiwasi.

Kwa babu kilikaa ndani ya tembe, kimechomekwa kwenye boriti juu ya mafiga, kimeviringishwa kaniki. Mimi nimepanga chumba Ipagala, nyumba ya bati, napikia gesi. Kipo kabatini ndani ya ala yake ya ngozi, na kifuku hiki ndipo vidoa vimeanza.

Nimesoma mtandaoni kurasa za kigeni kuhusu visu vya wachawi wa Ulaya. Wengine wanasema kizikwe kwenye chumvi usiku kucha, wengine kilazwe nje kwenye mbalamwezi, wengine wanasema kisu cha namna hii hakinolewi kamwe. Moyo wangu haujakubali. Na binamu yangu aliyeokoka ananiambia kila Jumapili nikichome moto. Mimi mwenyewe ni Mwanglikana, na babu alikuwa akiwapeleka hospitali ya Mvumi wagonjwa aliowaona hawana dawa kwake, kwa hiyo sioni ugomvi anaouona binamu.

Naomba anayejua anisaidie: hiyo kutu naitoaje bila kuutoa ule weusi? Kinanolewa au hakinolewi? Na kikae wapi, ukizingatia nyumba ina watoto wa mwenye nyumba wanaoingia na kutoka? Sitafuti wa kuninunulia wala wa kunitafsiria ndoto. Natafuta mtu anayejua chuma na anayejua heshima ya kitu kama hiki.

---

FuaChuma

Marahaba mwanangu. Pole kwa babu.

Mimi nafua majembe na visu, kazi niliyoikuta kwa baba yangu. Nakujibu upande wa chuma, mengine watakuja wenyewe.

Kwanza huo weusi usiuguse. Kutu ziko za aina mbili. Nyekundu ni ya unga, haishikani na chuma, inaacha hewa na maji vipite chini yake na kuendelea kula. Nyeusi inashikana na chuma na kukifunika, na ndiyo imekilinda kisu cha babu yako miaka yote hiyo. Mtu akikuambia ukisugue kwa msasa mpaka king'ae kama kipya, mkatalie. Utakuwa umekivua nguo, na kifuku kijacho kitaota kutu mwili mzima.

Hivyo vidoa vitoe hivi. Wewe ni fundi cherehani, mafuta unayo tayari mezani. Dondosha mafuta ya cherehani juu ya doa, acha mpaka kesho yake. Chukua majivu ya kuni, yachekeche kwa kitambaa chembamba ubaki na vumbi laini, changanya na mafuta kidogo yawe uji mzito. Sugulia kipande cha gunzi la mahindi, taratibu, palepale penye doa, ukifuata urefu wa bapa. Futa, tazama, rudia. Ukiona unga wa rangi ya chungwa umeisha na chini pamebaki alama ya kahawia au nyeusi, acha hapo. Alama haina madhara. Ndimu na ukwaju usivitie. Vinatoa kutu kweli, lakini asidi haichagui, itaondoka na ule weusi pia.

Sasa hiyo habari ya chumvi. Mwanangu, hata kama aliyeandika ana nia njema, huyo hajawahi kumiliki kisu cha kufuliwa. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani na kuubandika kwenye chuma, na kutu yake haienei juu juu, inachimba vishimo. Kwenye bapa lililokonda kama la kwako, kishimo karibu na ncha ndipo kisu kitakapokatikia. Mbalamwezi yenyewe haina neno. Umande ndio wenye neno.

Ala ya ngozi ni ya safari. Ndiyo maana babu yako nyumbani alikitoa na kukiviringisha kaniki. Ngozi inanywa unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma, na kama ilihifadhiwa kwa chumvi kabla ya kulainishwa, chumvi ile bado imo ndani. Angalia vidoa vyako vilipoanzia: karibu na mpini, pale ala inapobana na ngozi ya shingoni inapogusa bapa. Tembe nalo lilikuwa likifanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Juu ya mafiga pana joto, pakavu, na moshi wa kuni unaacha utando wa mafuta mafuta ambao maji hayaupendi. Wazee hawakukichomeka pale kwa bahati. Dodoma yetu ni kavu kuanzia Mei mpaka Novemba, chuma hakipati shida. Shida ni ile miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, hasa kwenye chumba cha bati ambacho mchana kinachemka na usiku kinapoa, unyevu ukatua juu ya kila kitu cha chuma.

Kwa kuwa huna moshi, paka mafuta. Ya alizeti yaache jikoni ingawa ndiyo tuliyonayo tele mkoa huu, kwa sababu yakikaa yanaganda na kunata, kisu kinashika vumbi. Mafuta ya nyonyo ni mazuri sana, hayakauki, na bibi yako hatayaonea shaka maana wazee wa kwetu walijipaka. Yakikosekana, mafuta ya mgando ya dukani. Utando mwembamba tu, ukipitisha kidole kiteleze bila kulowa. Mpini nao upake nyonyo kila kiangazi kinapoingia, kwa sababu upepo wetu wa Julai unapasua hata mpingo. Ile ngozi ya shingoni ipake kidogo, usiiloweke. Shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa kitambaa, tikisa: kama kinacheza, kilete kwa mhunzi kabla hakijachomoka, usimimine gundi.

Kunoa, noa. Kisu butu kinachana gome badala ya kulikata, na mti unakaa na kidonda. Tumia kinoo cha mkono, maji kidogo, mikono miwili, bila haraka. Usikipeleke kwa vijana wanaonoa kwa gurudumu la baiskeli. Nawaheshimu, wana riziki yao, lakini zile cheche ni joto, na joto ndilo linaloua ugumu wa chuma.

Hapo ndipo na neno la binamu yako linapoingia. Chuma kilichofuliwa kikazimwa vizuri, yaani kikapozwa ghafla kikiwa cha moto, kina ugumu wake. Kikipashwa tena mpaka rangi ya njano ya nyasi kavu, kama nyuzi 220, kinaanza kulainika. Kikifika buluu, kama nyuzi 300, makali hayakai tena vile. Ukikitupa motoni utaokota kitu chenye umbo la kisu kisichoweza kazi. Hata kwa nia ya kukisafisha, usikipitishe kwenye moto wa gesi. Maji ya moto na sabuni yanatosha, halafu kausha papo hapo na upake mafuta.

---

BintiKolo

Dada, mama yangu mdogo anatibu kwa miti huku Kondoa na mimi ndiye msaidizi wake, kwa hiyo naongea ninayoyaona.

Yote aliyosema mzee FuaChuma ni kweli, ila mimi naongeza jambo ambalo lina uzito kwangu. Usikubali, hata siku moja, kisu hicho kiguse ngozi ya mtu. Kuna watakaokuja wakijua ni cha mganga, waombe uwachanje chale kwacho ili dawa iingie. Chale ni wembe mpya kwa kila mgonjwa, unafunguliwa mbele yake na unatupwa kwenye chombo cha kutupia. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B vinapita kwenye tone la damu usiloliona kwa macho. Mama mdogo anamrudisha mtu nyumbani kuliko kumchanja kwa kisu. Nimemwona akifanya hivyo kwa ndugu wa karibu, akanuniwa, na hakubadilika.

Kioshe baada ya kila mti. Hili watu wanalipuuza. Ukikata mnyaa, yale maziwa yake yanaunguza, yakiingia jichoni ni hospitali. Sasa ukitoka hapo ukaenda kukwangua mzizi wa dawa ya kunywa kwa kisu kilekile, umempa mgonjwa kitu ambacho hukukikusudia. Sisi tunabeba kibuyu cha maji na kitambaa, tunaosha na kukausha hapohapo chini ya mti kabla ya kuhamia mwingine.

Na kile alichofanya babu yako, mawio kidogo na machweo kidogo, kishike. Chakula cha mti kinashuka kutoka kwenye majani kikipita kwenye gome la ndani. Ukilizungusha gome lote, mizizi inakufa njaa na mti unakauka wote. Porini kwetu nimeona miti iliyovuliwa shina zima na watu wa kuuza magome mjini, imekauka ikiwa imesimama. Nilisikia uchungu kama ni mtu.

Kuhusu heshima: kisu cha dawa hakikai na visu vya jikoni. Si lazima uwe na tembe. Tafuta sanduku la mbao lenye kufuli, liweke juu kabisa, ndani kikae kwenye kitambaa cha pamba kikavu. Kaniki ya babu kama bado ipo itumie, ila ifue kwanza uitoe masizi na jasho, ianike juani mpaka ikauke kabisa. Watoto wa mwenye nyumba wasijue hata kama kipo.

Kwetu wazee bado wanapanda Mungumi wa Kolo kutambika, kwenye majabali yenye michoro ile iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006 kwenye urithi wa dunia. Wageni wanapiga picha, wazee wanaomba mvua, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Kwa hiyo huyo binamu yako mwambie taratibu, hakuna anayemlazimisha kukishika.

---

NasomaHistoria

Naomba niweke sawa hizo kurasa za kigeni, kwa sababu ni imani ya watu na ina taratibu zake.

Dada amesoma kuhusu athame, kisu cha dini inayoitwa Wicca. Aliyeitangaza ni Mwingereza Gerald Gardner, katika miaka ya 1950, baada ya Uingereza kuifuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Kwa kawaida athame ina mpini mweusi na makali pande mbili, na wengi wao huyaacha butu kwa makusudi, kwa sababu kazi yake si kukata kitu cha kushikika. Anayeongoza ibada anakitumia kuchora duara hewani, duara ambalo ibada itafanyika ndani yake, na kuelekeza nguvu anayoiomba. Majani, kamba na mishumaa wanakata kwa kisu kingine, mara nyingi chenye mpini mweupe, na hicho kinanolewa kama kisu chochote.

Kwa hiyo ule usemi wa kwamba hakinolewi una maana kwao. Kisu cha babu yako kwa kazi yake kingefanana zaidi na kile cha mpini mweupe, na hata hapo ni mbali. Chumvi nayo kwao ni ya kutakasa. Wengi wananyunyiza matone ya maji ya chumvi na kupitisha kisu kwenye moshi wa ubani, halafu wanakifuta. Kukizika kwenye chumvi hata baadhi yao wanakukataza, kwa sababu hizohizo za kutu.

Mimi nasema kila kisu kifuate watu wake. Usichukue masharti ya Uingereza ukayafunga kwenye kisu cha Mvumi, na wala usiwadharau wale kwa kufuata yao.

---

MzeeWaBaraza

Shikamoo naipokea, binti. Nimekaa baraza la kata miaka mingi, nina la kukuonya kwa upendo.

Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, imekuwepo tangu 1928, enzi za Mwingereza, na bado inafanya kazi. Inasema ni kosa kuwa na kifaa cha uchawi, na kifaa hicho inakieleza kwa matumizi yake na kwa kile watu wanachoamini juu yake: kitu cha kuua, kudhuru, kuleta ugonjwa, kutia watu hofu, au kumtafuta mwenye hatia. Kisu cha kukatia magome hakimo humo. Lakini maneno ya watu yanaweza kukiingiza. Siku utakapomwambia jirani mliyegombana naye kwamba una kisu cha babu na atakiona, hata kwa hasira ya dakika moja, umekigeuza wewe mwenyewe.

Upande wa pili ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, na Baraza lake chini ya Wizara ya Afya. Kama unafikiria kuanza kutibu watu, nenda halmashauri umwone mratibu wa tiba asili, ujisajili. Kama unakitunza tu kama kumbukumbu ya ukoo, huhitaji usajili, ila ni vizuri wajomba wale walioshuhudia waandike karatasi fupi kwamba ulikabidhiwa kisu cha miti shamba, na mwenyekiti wa mtaa ajue.

Na usipokee mtu yeyote anayetaka ukitumie kumtajia aliyemroga. Ramli chonganishi imeua watu nchi hii. Huko Usukuma vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi jikoni. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Babu yako kwa maelezo yako alikuwa mtu wa mizizi. Linda jina lake hapo.

---

MjukuuWaMvumi

Wazee wangu, dada yangu wa Kolo, ndugu wa historia, Mungu awabariki sana.

Leo jioni nimefunga duka mapema nikafanya kama mzee FuaChuma alivyoelekeza. Majivu nimepata kwa mama anayechoma mahindi hapa nje, gunzi pia amenipa yeye. Unga wa chungwa umetoka, pamebaki alama tatu za kahawia na weusi haukuguswa. Chini ya ile ngozi ya shingoni nimekuta kitu sikukijua: mikwaruzo mifupi iliyopangwa, kama mtu aliyekuwa akihesabu. Nimempigia bibi. Amesema hiyo si ya babu, ni ya baba yake babu, maana kisu kilikuwa chake kabla, na hakumbuki kilichohesabiwa.

Chale na ramli havitafanyika kwangu, hilo nimelikata mbele ya bibi na amefurahi. Kuhusu kutibu, sijui miti ya kutosha, na sitajifanya najua. Kisanduku nitachongewa na fundi seremala jirani yangu.

Mzee FuaChuma, swali moja: ile ngozi ya shingoni niirudishe ilivyokuwa, au niitoe kabisa kwa kuwa ndiyo iliyoshika unyevu?

---

FuaChuma

Irudishe, mwanangu, usiitupe. Ila kabla ya kuirudisha, pasha nta ya nyuki kidogo pamoja na mafuta ya nyonyo, paka kwenye chuma pale inapokaa, paka na upande wa ndani wa ngozi, acha vipoe, ndipo uzungushe. Nta itazuia ngozi isigusane na chuma moja kwa moja. Wauza asali wengi wa Singida wanayo, uliza pale sokoni. Kila kifuku kinapokaribia, mwanzoni mwa Novemba, ifungue uangalie chini yake. Na hiyo mikwaruzo usiisugue kwa majivu.